Wembe Katika Mguu wa Soko

Nilinunua soko la zamani la mji wetu, Zestaponi, ili nilibomoe. Nasema mapema ili mtu asinipambe. Paa lake la zege limepinda kama kitambaa kilichoshikwa ncha nne, halina nguzo hata moja katikati, na linakanyaga chini kwa miguu minne tu. Mguu wa upande wa mto ulikuwa na ufa, na mkaguzi aliandika kwamba ufa huo unazidi kufunguka. Chini ya paa la namna hiyo hupati mpangaji. Nikaagiza mashine ya kubomolea ije Jumatatu.

Alhamisi akaja Nazibrola Sopromadze, mhandisi mstaafu, miaka sabini na tisa, kashika mkoba wa kitambaa.

"Wewe ndiye Anzori wa viatu?"

"Ndimi, mama. Viatu niliacha zamani."

"Hesabu za paa hili nilipiga mimi, nikiwa na miaka ishirini na sita. Njoo nikuonyeshe ulichonunua, maana naona hujakiona."

Unene wa paa katikati, alisema, hauzidi upana wa kiganja. Wanaume wa ofisini kwao walimcheka. Mmoja aliapa kwamba siku mbao za kumwagia zege zitakapotolewa, yeye atakuwa likizo. Mbao zikatolewa, paa likakaa. Miaka ya giza, umeme haupo na mishahara haipo, Nazibrola aliuza mbegu za alizeti humu humu, kwenye meza ya tatu kutoka mlangoni. Hakuna mnunuzi aliyeambiwa kwamba kilichomkinga mvua ni kazi ya huyo muuza mbegu.

Kila mahali zege lilipochanika kidogo, alikuwa amebandika kipande cha plasta ya jasi, upana wa vidole viwili, na tarehe kwa penseli. Ufa ukisogea, kipande kinakatika. Alinionyesha vya kabla ya tetemeko la mwaka tisini na moja. Vizima. Kisha akanipeleka mwenyewe kwenye mguu wa mtoni.

"Hapa viko tisa. Vyote vimekatika. Sitakuficha."

Nimefanya biashara miaka thelathini. Muuzaji anayekuonyesha tundu la mali yake kabla hujauliza, huyo unamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini vinakatika?"

"Sijui. Kila mwaka naweka kimoja Machi. Agosti kizima. Novemba kimekatika. Nilidhani mvua inalainisha udongo. Nikachimbisha. Udongo mkavu."

"Mama, kwetu Oktoba kuna mvua tu?"

Akanitazama. "Kuna mavuno ya zabibu," akasema taratibu.

Tukainua macho pamoja. Juu ya mguu ule kulikuwa na chumba cha matofali, mlango na kufuli. Karlo, muuza nyama, alikijenga miaka tisa nyuma, kama sisi sote tunavyojiongezea chumba popote tunapoona nafasi. Kwa kila aliyemuuliza, kilikuwa stoo ya makreti. Lakini mvinyo wa Karlo, ambao nami nilikuwa mteja wake, ulitoka kwenye mpira kama wa maji, ulioshuka nyuma ya meza yake, na sikuwahi kujiuliza unashuka kutoka wapi.

"Karlo! Kule juu umeweka nini?"

"Makreti matupu, shangazi."

"Na huu mpira unanyonya makreti?"

Wauza jibini wakaangua kicheko.

"Ni tangi dogo tu, shangazi."

"Dogo la kiasi gani?"

"Tani tatu. Na nusu. Lakini mvinyo wangu mwepesi, muulize yeyote."

"Mwepesi umeshakata plasta zangu tisa, mjinga wewe!"

Nazibrola akatoa wembe mkobani, akauingiza kwenye ufa. Uliingia na kutoka kama kadi kwenye bahasha. Akauacha ndani.

"Sasa toa mvinyo."

"Wote?"

"Wote. Au Jumatatu Anzori atoe paa zima, na wewe na meza yako."

Karlo akafungua bomba kama mtu anayemzika jamaa. Wauzaji wakaja na madumu, masufuria, hata ndoo ya maziwa. Mtu akaleta mkate na jibini. Karlo mwenyewe alinyanyua bilauri akalitakia paa maisha marefu, sauti ikitetemeka; nadhani alikuwa akililia lita zake. Ilichukua hadi alasiri tangi kukauka.

"Haya, vuta," Nazibrola akaniambia.

Nikavuta wembe. Haukutoka. Nikafunga vidole kwa leso nikavuta tena. Zege lilikuwa limeuuma.

Hakutabasamu. Aliandika tarehe ukutani, akafunga mkoba.

Nikampigia mwenye mashine asije. Malipo yangu ya awali hakuyarudisha; ningekuwa yeye, nami nisingeyarudisha. Nilichobomoa ni chumba cha Karlo peke yake. Ukumbi mpana usio na nguzo, nimegundua, wapangaji wanaugombania.

Nilimuuliza Nazibrola anataka nini kwa kazi ile.

"Ufunguo wa ngazi ya paani. Magoti yangu hayapandi tena, kwa hiyo ubaki nao wewe. Lakini upande wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Machi akaweka kipande cha kumi. Novemba iliyofuata nilipanda, nikakagua paa, nikashuka hadi mguu wa mtoni, nikampigia simu.

"Kizima, mama."

"Umekigusa kwa kidole au umekiangalia tu?"

Nikarudi nikakigusa.