Kuingia Udaktari Bila Kuukimbia Uuguzi

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu. Herufi zangu hazisimami sawa, na pengine nimekosea nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilisoma hadi darasa la nane tu, na tangu hapo mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu. Mwenyekiti wa vijana kanisani aliniomba nisimame niwaeleze jinsi dada yangu Mwikali, aliyekuwa nesi, alivyopata nafasi ya kusomea udaktari. Nilimwambia kwamba nikisimama mbele ya watu sauti yangu hupotea.

"Basi andika, Mutuku," akasema. "Karatasi haitakukodolea macho."

Ndiyo maana naandika, polepole. Kwetu mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, kwa hivyo utaniruhusu nikuite mdogo wangu, hata kama umenipita mbali kwa shule.

Siku ambayo bado naiona mbele ya macho yangu ni ile tuliyokuwa mwethya kwenye shamba la jirani, hapa upande wa Kathonzweni. Mwethya unaujua: leo tunachimba kwako, juma lijalo kwangu. Tulikuwa tunachimba fanya juu, ule mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ili tuta lishike maji ya mvua. Kila mtu anapimiwa kipande chake, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka vipande vyote vikutane. Kipande kimoja kikiachwa chini, maji yanapita hapo na kubeba tuta lote.

Mwikali alikuwa amekuja nyumbani likizo. Alikuwa na diploma ya uuguzi na miaka kadhaa kazini, kwenye kituo cha afya ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kanyangi. Tangu utotoni alitaka kuwa daktari, lakini alama zake za kidato cha nne hazikumfikisha, akaingia uuguzi. Mwaka ule alikuwa ameomba chuo kikuu kimoja, wakamwita kwa mahojiano. Sasa hapo familia yetu ikafanya kosa. Kabla jibu halijatoka, mama alisimama kanisani akatangaza kwamba Mungu ametupa daktari. Watu wakaimba, wakamwekea dada yangu mikono, na nyumbani tukachinja mbuzi. Jibu lilipokuja, lilikuwa la kumkataa. Mbuzi alikuwa ameshaliwa, na jina la Daktari lilikuwa limeshamshika.

Basi siku hiyo ya mwethya, Mama Nduku, jirani yetu ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alimwona Mwikali akichimba kwa unyonge.

"Aiyai, Daktari! Hilo ni jembe, si sindano! Huo udongo hausikii uchungu, piga!"

Kina mama wakacheka. Mwikali alitupa jembe chini, akaketi juu ya tuta, akageuza uso upande ule usio na watu. Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Aliyekuwa kwenye kipande kinachofuata ni Susu Kamene. Tunamwita susu, yaani nyanya, kwa sababu ya umri, lakini alikuwa nesi wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu. Wengi waliokuwa wakichimba pale walizaliwa mikononi mwake. Yeye hakucheka. Aliendelea kuchimba mpaka kelele zikaisha, kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Mwikali, kule kwenye mahojiano walikuuliza nini?"

"Kwa nini nataka udaktari."

"Ukawaambia?"

"Ukweli, Susu. Kwamba nimechoka kutumwa. Daktari anaandika, mimi ndiye nakimbia. Nikawaambia nami nataka kuwa upande wa yule anayeandika."

Susu Kamene akasimama, akaegemea mpini wa jembe. "Hata mimi ningekunyima."

Mwikali alimtazama kama amepigwa kofi.

"Umeketi mbele ya watu ukaitukana kazi iliyokufikisha kwenye kile kiti," akasema Susu. "Mwanangu, wewe uliwaomba wakutoe kwenye uuguzi. Hukuwaomba wakuingize kwenye udaktari. Mtu anayekimbia, nani anajua kama kesho hatakikimbia hata hicho anachokikimbilia? Na kemia ulipata nini kidato cha nne?"

Mwikali akajibu kwa sauti ndogo sana. Nilikuwa karibu, lakini sikusikia, na sijawahi kumuuliza.

"Ulitegemea hawataiangalia?"

"Nilidhani miaka yangu ya kazi ingeifunika."

Susu Kamene alinyoosha mkono akaonyesha kile kipande cha Mwikali kilichobaki chini. "Mvua ikija haitauliza wengine wamechimba vizuri namna gani. Shika jembe."

Mwikali akainuka, akashika. Mama Nduku alikuwa amemaliza kipande chake, akaja kumsaidia kama ilivyo desturi.

"Sogea, Daktari," akasema. "Lakini siku nikiletwa kwako, unidunge polepole."

Hapo hata Mwikali alicheka, huku machozi yanamtoka.

Mdogo wangu, kuanzia siku hiyo nilimwona dada yangu akifanya kazi ambayo hakuna mtu anayeimba kwa ajili yake kanisani. Jambo la kwanza, alijiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne, mtu mzima mwenye mshahara. Mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari karibu na kazini kwake alimruhusu kuingia darasani siku ambazo hayuko zamu. Alituambia siku ya kwanza alipofungua mlango wanafunzi wote walisimama wakamsalimia, "Good morning, Madam!" Akawajibu, "Kaeni, kaeni, hata mimi sijafanya homework." Walimpenda. Yeye aliwafundisha kufunga kidonda, nao wakamfundisha hesabu za kemia alizokuwa amezisahau.

Uuguzi pia hakuuacha wala hakuufanya kwa mkono mmoja. Alianza kuutazama upya. Kulikuwa na daktari aliyekuja pale kituoni kutoka mjini kwa siku zake kuona wagonjwa waliowashinda wengine. Zamani Mwikali alikuwa anamfuata na faili tu, amenuna. Sasa akawa anauliza. Kwa nini dawa hii na si ile? Ulijuaje ni figo na si tumbo? Daktari yule akamtania, "Sista, naona unaitaka kazi yangu." Mwikali akajibu, "Si yako, Daktari. Wagonjwa ni wengi, na kazi ya kwangu ipo." Baadaye, wakati vyuo vilipotaka barua ya mtu wa kumtolea ushuhuda, ni daktari yule aliyeandika, na aliandika kama mtu anayemjua kweli.

Na vyuo vyenyewe hakuvikisia tena. Mara ya kwanza alisikiliza maneno ya watu, huyu anasema diploma inatosha, yule anasema haisaidii kitu. Safari hii alikwenda mwenyewe ofisini kuuliza wanataka nini kwa mtu anayetoka uuguzi. Akakuta kila chuo kina masharti yake. Kingine kinaangalia alama za sekondari kwanza, kingine kinapokea diploma ikiwa imefaulu vizuri. Akaomba vile ambavyo aliweza kuvitimiza, zaidi ya kimoja, na hakumtangazia mtu.

Matokeo ya kemia yalipotoka alikuja nyumbani, akamshika mama mikono wakazunguka uani kama watoto. Mama akataka kwenda kumfungua mbuzi. Mwikali akamwambia, "Mama, huyo mwache ale majani kwanza."

Kisha chuo kimoja kikamwita. Hapa ndipo na mimi nilipata kazi. Mwikali aliandika maswali anayoweza kuulizwa, akanipa niyasome, mimi nikiwa ndiye maprofesa wote. Niliketi juu ya debe lililopinduliwa. Mama alikuwa pembeni akipura ndengu. Mimi kusoma kwangu mnakujua.

"Kwa... nini... u-na-taka..."

"Nataka kuwa daktari kwa sababu..." Mwikali akaanza.

"We!" mama akasema, fimbo ya kupura ikiwa juu. "Ndugu yako hajamaliza swali, wewe umeshafika Nairobi! Utamjibuje mtu hujamsikia?"

Nilijaribu kusoma haraka, nikakosea zaidi. Mwikali aliniwekea mkono begani. "Soma hivyo hivyo, Mutuku. Usikimbie." Tukarudia siku nyingi, na kila siku alijifunza kuningoja mpaka mwisho wa swali.

Jibu lake la zamani hakulitumia tena. Alisema habari ya mama mmoja aliyeletwa kituoni kwa pikipiki kutoka mashambani, amejifungua njiani na damu haikatiki. Mwikali alimfanyia yote aliyofundishwa. Alimtia maji ya mshipa, akampa dawa, akamkanda tumbo, akaita ambulansi. Kisha ikabaki kungoja gari, amemshika yule mama mkono akimwita kwa jina ili asilale. Gari lilifika, na yule mama akafanyiwa upasuaji mjini akapona. Mara ya kwanza Mwikali aliponieleza habari hii, mimi nikiwa juu ya debe, alimalizia hivi: "Uuguzi ulinifikisha kwenye kitanda cha yule mama na ukanifundisha kutomwachilia. Mikono yangu ikaishia hapo. Nataka kuendelea kuanzia hapo ilipoishia."

Mama aliacha kupura. Mimi nilisahau swali linalofuata.

Siku ya mahojiano yenyewe nilikuwa soko la Kalamba nikiuza ndengu. Simu ikalia mchana.

"Mutuku," akasema, "kulikuwa na mzee mmoja kwenye ile meza anasoma maswali polepole kama wewe. Wenzangu niliokuwa nao kwenye benchi walisema aliwatia wasiwasi, wakawa wanamkatiza. Mimi nikamngoja. Nilijiona niko nyumbani."

Nilikohoa tu, nikamwambia kuna vumbi.

Wakati jibu lilipokuja pia nilikuwa Kalamba. Alisema neno moja tu, "Wamenichukua." Mdogo wangu, mimi ambaye nikiitwa kuomba kanisani hujificha nyuma ya nguzo, nilipiga kelele mpaka mwanamke wa meza ya jirani akashika pochi yake akauliza mwizi ameelekea wapi. Nikamwambia, "Dada yangu anakwenda kusomea udaktari!" Nilimwambia yeye, nikamwambia mwenye pikipiki, nikamwambia na mtu aliyekuja kununua ndengu ambaye hakuniuliza. Sijui mara ngapi nilisema. Nikifikiria siku hiyo, kifua changu bado kinajaa.

Mbuzi alichinjwa wakati huo, na Susu Kamene ndiye aliyepewa maini. Mama Nduku alisimama na sufuria mkononi akaita, "Daktari! Sasa ni halali!"

Mwikali akatikisa kichwa. "Bado, Mama Nduku. Mpaka nimalize, mniite Sista. Hilo jina nimelifanyia kazi."

Nilimwona Susu Kamene akiinama kwenye sahani yake kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji ili kutafuta kipande cha nyama. Alipoinuka alikwenda kwa Mwikali, akamwekea sawa kifuani ile saa ndogo ambayo manesi huning'iniza, ambayo dada yangu hakuwa ameivua hata siku ile ya nyumbani. "Nenda nayo," akasema. "Huko watakufundisha mengi. Hii iwakumbushe unatoka wapi."

Alikwenda nayo. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mwethya shambani kwetu. Kipande cha Mwikali nilikichimba mimi, nilipomaliza changu, na Mama Nduku akaja kunisaidia bila kuitwa. Mvua zilipokuja, tuta lilishika kutoka mwanzo hadi mwisho.

Basi, mdogo wangu nesi, au wewe uliye bado shuleni, nakuambia niliyoyaona. Ukitaka kwenda mbele, usiidharau kazi iliyokubeba mpaka hapo, kwa sababu watu wa ile meza wanasikia unapoidharau. Lile somo ulilolikimbia lirudie, hata kama utaketi na watoto. Waulize madaktari unaofanya nao kazi, wakujue kwa maswali yako na si kwa kununa kwako. Nenda ofisini uulize masharti mwenyewe. Omba zaidi ya chuo kimoja, na mbuzi mwache ale majani mpaka jibu lije. Jizoeze kujibu mbele ya mtu anayekupenda, na umngoje amalize swali. Na ukikataliwa mara ya kwanza, usitupe jembe. Wewe umebakisha kipande tu, na wako watakaokuja kukusaidia.

Mungu akupe afya na akili iliyotulia. Akupe mtu kama Susu Kamene wa kukuambia ukweli, na mama wa kukukataza kukimbia. Siku utakapoitwa, mikono yako isitetemeke, na wagonjwa wako waamke.

Kama wewe pia uko njiani, au umekataliwa na unaona aibu kurudi kanisani, niandikie. Barua mpe mama yangu Jumapili, huwa anaketi benchi la mbele. Nitaisoma polepole, lakini nitaisoma mpaka mwisho.