Darubini ya Kumwonyesha Bibi Kilimia

Enzi zetu, wenzangu tuliong'oka meno ya utoto wakati Mwingereza bado anatutawala, mbinguni palikuwa karibu kuliko Same mjini. Same ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa miguu kutoka kwetu Chome, na mimi safari nilizichukia tangu hapo. Mpaka leo nikialikwa harusi Moshi naanza kuumwa goti wiki moja kabla. Nyota je? Nyota zilikuwa pale uani, juu ya migomba, hazikudai viatu. Ulitoka na bakuli lako la makande, ukala huku umeangalia juu, na mdudu akiingia bakulini ilikuwa shauri lake. Watoto wa siku hizi ukiwaambia waangalie juu wanadhani bati linavuja.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyekuwa kalenda ya mtaa wetu. Kile kishada cha nyota kiitwacho Kilimia kilipoanza kuinama jioni upande wa tambarare, yeye ndiye aliyesema chimbeni, masika yako mlangoni, na watu walichimba. Bwana shamba alipita na karatasi zake, wakamsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha chai, halafu wakaja kumwuliza bibi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa hivi. Jicho la kulia la bibi lilikuwa limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilishaanza kuingia ukungu. Msimu uliotangulia alikuwa amekitafuta Kilimia asikione, akaona haya kusema. Akatoa siku kama kawaida, watu wakapanda, mvua ikachelewa, na mbegu zikaliwa na mchwa. Hakuna aliyemlaumu mbele yake. Waliacha tu kuja kuuliza. Wakipita njiani walisalimia shikamoo, wakaitikiwa marahaba, wakaendelea na safari zao kama watu wanaokwenda kuzima moto. Hilo lilimuumiza kuliko jicho lenyewe. Jioni moja akamwambia baba: "Mwanangu, mimi siombi kupona. Nataka nikione mara moja tu, nijue kama ni mimi niliyekosea au ni chenyewe kilichohama."

Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge kule chini tambarare, akija nyumbani Jumamosi. Mzungu mmoja wa pale alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, akamwambia baba achague moja kati ya darubini zake mbili, zile za macho mawili, iwe zawadi ya kuagana. Baba alivaa miwani minene kama kitako cha chupa, kwa hiyo alihitaji macho ya kuazima, na ya karibu yalikuwa yangu. Nililia kuanzia mlangoni kwetu mpaka barabara kubwa. Baba hakunibembeleza. Alisema tu kwamba machozi husafisha macho, na kazi iliyo mbele yetu inataka macho safi.

Yule mzungu aliziweka zote mbili juu ya meza barazani, akatufundisha. Kwanza uishike mbali na uso uielekeze penye mwanga, uangalie kama vioo vina ukungu au mikwaruzo. Kisha utazame kitu cha mbali kwa macho yote mawili, na ukikiona kimekuwa viwili, achana nayo, ilishaanguka hiyo. Ndogo ilikuwa nyepesi, baba akaipenda palepale. Nikaitazamia nguzo ya simu kule relini. Nguzo ikawa na pacha. Kubwa ilikuwa na vioo vya mbele vipana kama visahani vya kikombe, na uzito wa mwanambuzi. Nilipotazama kwa hiyo, nguzo ilikuwa moja, na juu yake ndege akichezesha mkia. Nikasema tuchukue kubwa. Ningependa mniite mtaalamu, lakini ndogo ilikuwa pia inanuka tumbaku, na sina hakika ni lipi lililonisukuma zaidi.

Kupanda nayo mlima ndiko kulikotuadhibu. Mikono ilipochoka, baba aliifunga mgongoni kwa khanga, mbeleko kabisa, na karani mzima akapita hivyo katikati ya kina mama waliokuwa wanateremka sokoni. Mmoja akasimama, akampa hongera, akataka kujua kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Baba akajibu kwamba bado hajaangalia.

Nyumbani tukagundua kasoro ya ile kubwa. Mkononi haikutulia. Nyota zilirukaruka kama bisi kwenye chungu, na bibi hakuweza hata kuinyanyua. Kazi ya kuiwekea mguu akapewa baba mdogo Elieza. Huyu alikuwa fundi wa ndiva, yale mabwawa yetu ya kukusanya maji ya mfereji usiku ili mchana yagawiwe mashambani. Ukuta wa ndiva ukitikisika, mashamba ya watu yanakwenda na maji, kwa hiyo Elieza maisha yake yote alikuwa na sala moja tu: kitu kisisogee. Alichimba shimo la kimo cha magoti, akasimamisha nguzo, akashindilia mawe na udongo wa mfinyanzi. Jioni, Kilimia kilipokuwa juu, akailenga darubini, akaikaza juu ya nguzo kwa kamba za mkonge mpaka zikalia. Tukatazama kwa zamu. Kilikuwa katikati kabisa, kimetulia. Elieza aliipiga nguzo teke kutuonyesha.

Lakini ilikuwa Januari, Kilimia kiko karibu na utosi, na shingo ya bibi haikukubali kukunjika kiasi hicho. Tukasema Jumamosi ijayo baba atakuja na kiti cha kulalia. Kiti kikaja. Bibi akalazwa, khanga mbili chini ya kichwa, saa ileile baada ya sala ya jioni, akatazama kwa muda mrefu. Akasema haoni kitu. Baba akatazama, naye hakuona kitu. Nikatazama mimi: giza na vinyota viwili vya kuokoteza.

Elieza akaanza na mimi, nani ameigusa nguzo yake. Niliapa. Akaisukuma kwa bega, akaining'inia, haikutikisika hata unywele. Hapo bibi, akiwa bado amelala kitini, alicheka kwa mara ya kwanza tangu zile mbegu ziliwe na mchwa. "Elieza, nguzo yako haijasogea. Mbingu ndiyo imesogea. Au nayo ulitaka uifunge kwa mkonge?"

Ndipo ikatulazimu kufikiri. Kilimia kila wiki kilikuwa kinawahi kidogo kushuka; kufikia mwisho wa Machi, wakati wa chakula cha jioni, kingekuwa kimeinama kiasi cha mtu kukitazama akiwa ameketi kwenye kigoda. Ila mwisho wa Machi ndio wakati mawingu ya masika yanapokuja. Na jicho la bibi halikuwa linatusubiri. Ilibidi darubini iweze kugeuka, tuwahi upenyo wowote mawinguni.

Elieza alikataa katakata kuing'oa nguzo, nadhani ingemuua. Juu yake akapigilia pini ya chuma, juu ya pini akaweka ubao unaozunguka na kuinama kama mkono wa mizani ya kahawa. Upande mmoja darubini, upande wa pili kikapu. Kazi yangu ilikuwa mawe ya kikapuni: ongeza, punguza, ongeza kakokoto, mpaka ukiisukuma kwa kidole inakwenda, ukiiacha inakaa hapohapo. Elieza aliitazama ikielea vile, akasema ni kazi ya aibu, asiulizwe nani kaijenga.

Kisha tukangoja mwisho wa Machi. Jioni ya kwanza ukungu kutoka msitu wa Shengena ukaja mpaka mlangoni. Ya pili mawingu, ya tatu manyunyu. Ya sita au ya saba, sufuria bado iko motoni, upande wa tambarare ukafunguka. Nikakimbia kuilenga. Bibi akaketi, akaweka jicho la kushoto, akashika ubao kwa vidole viwili.

"Naona mwanga," akasema. "Kama unga uliomwagika." Akaendelea kutazama. "Sizioni moja moja. Hebu nihesabie wewe."

Nikahesabu kwa sauti. Nilipopita saba akanishika mkono. Nilipofika thelathini na mbili nikapotea, nikamwambia bado zipo nyingine.

"Kumbe," akasema. "Tangu usichana wangu nimejigamba kwa saba." Kisha akauachia ubao. "Kipo palepale pa siku zote. Basi ni mimi."

Asubuhi yake akanituma niwaite majirani. Walikuja kwa kusitasita, wakasimama uani na majembe yao. Bibi hakuwazungusha. Aliwaambia: "Mwaka jana sikukiona. Niliona haya, nikakisia, mkala hasara. Nisameheni. Jana nimeona mwanga wake na mjukuu wangu amehesabu. Chimbeni." Jirani yetu mmoja, mama mkali ambaye hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote, alimwangalia, akafunga khanga yake vizuri, akasema shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Wakaenda kuchimba. Kabla ya vuli jicho lile nalo likafunga, lakini waliendelea kuja kumwuliza, na yeye akinituma uani kabla ya kuwajibu.

Mwezi uliopita nilimwuliza mjukuu wangu kama Kilimia kimeanza kuinama. Alikuwa amelala kwenye kochi. Hakutoka nje, alipapasa simu yake mara mbili, akanisogezea kioo chenye nyota zote na majina yake, akasema, "Hii hapa, bibi, si unaiona?" Nikamwambia naiona, nzuri sana. Miwani yangu ilikuwa chumbani, na sikutaka kuinuka.