Papa Hana Miiba

Jikoni kwa Fidelia Uc, pale Campeche, mji wa pwani, nyama ya papa haipekuliwi miiba. Papa hana mifupa, ana gegedu tu, na ukimchemsha linajitenga lenyewe. Samaki wenye mifupa ndio wa kupekuliwa kwa vidole, mwiba mmoja mmoja. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha. Na tangu mumewe, Anselmo, apooze upande mmoja na koo lake kuwa zito kumeza, papa ndiye aliyemweka hai: maharage, chapati laini za mahindi, papa aliyechambuka katikati, mchuzi wa nyanya juu. Alikula na kuongezwa.

Zamani Fidelia alikuwa akinunua papa mzima. Alipitisha kiganja kwenye ngozi, ikamkwaruza kama msasa, akatazama nyufa za matamvua zilizo wazi shavuni, maana samaki wa mifupa huzifunika. Siku hizi papa ni adimu, na Nicanor sokoni huuza vipande vilivyokwisha chunwa.

"Nicanor, papa gani huyu hana hata harufu ya mkojo kama papa wenzake?"

"Mama Fidelia nawe! Akinuka, kelele. Asiponuka, kelele. Unataka kumpika au akuoe?"

Fidelia akacheka, akafungasha. Kicheko hicho hajakisamehe mpaka leo.

Alimlisha Anselmo bila kupekua, kama kawaida. Kijiko cha tatu kikamkaba. Mzee alitoa macho, akageuka rangi, mkono wake mzima ukimvuta mkewe gauni. Fidelia alimpiga mgongoni, akamtia vidole kooni, akapiga mayowe mpaka majirani wakaja. Hospitalini walimtoa mwiba, na papa hana mwiba.

"Mimi nami niliuziwa hivyohivyo, eti ni papa, mama," Nicanor alisema Fidelia alipomrudia sokoni, macho chini. Fidelia alikosa hata wa kumtukana.

Ijumaa akapata papa wa kweli, mzima. Akampelekea Anselmo kitandani.

"Shika ngozi, mzee wangu. Inakwaruza, siyo? Huyu ndiye mwenyewe."

Anselmo akaipapasa, akatikisa kichwa kukubali. Fidelia akapika, akapekua kila unyuzi wa nyama, akala kijiko cha kwanza mbele yake.

"Umeona? Haya, fungua kinywa."

Anselmo alimtazama, machozi yakamtoka. Alitaka kumridhisha, ilionekana wazi. Midomo ikagoma kufunguka.

"Kidogo tu, baba. Nakuomba."

Mchuzi ukapoa. Fidelia akabaki ameshika kijiko, mkono ukimuuma, asijue pa kukiweka.