Kitanda cha Ndani ya Gari

Jirani yetu hatumii futi kamba, anatumia mwili wake. Tangu aanze kukarabati ndani ya lile gari kuukuu la kulalia safarini, kila nikitoka shule namkuta amelala chali juu ya mbao, penseli sikioni, anajipima. Meza inamfika kitovuni, kabati kwapani. Mikono imejaa gundi, hata shikamoo yangu anaipokea kwa kiwiko. "Fundi wa nini?" huniuliza, akipuliza vumbi la mbao kwa mbwembwe. "Mafundi wanaharibu tu!" Mkewe naye alishatangaza, mtaa mzima ukasikia: atakwenda safari hiyo ikiwa tu atalala amenyoosha miguu. La sivyo, baba watoto aende na gari lake.

Jumamosi mkewe akaitwa kukagua. Ndani kulimeremeta, hata vichwa vya misumari vilipakwa rangi. Akavua viatu, akajilaza. Mimi nachungulia dirishani. Kumbe jambo tunalolijua mtaa mzima halijawahi kuifikia ile penseli: mkewe amemzidi urefu kichwa kizima. Magoti yakabaki juu.

"Baba watoto, hapa analala nani?"

Jirani akayatazama magoti, akasugua kidevu. Kisha akazunguka nyuma, akafungua mlango wa gari na kuivuta miguu ya mkewe taratibu mpaka ikatokeza nje.

"Si hiyo imenyooka?"

"Na mvua ikinyesha?"

"Utavaa soksi, mke wangu."

Mkewe akashuka, akatafuta viatu vyake. "Haya, safari njema."