Hita ya Kiti cha Mama

Nimekuwa fundi wa umeme wa magari hapa Eldoret kwa miaka mingi, na bado wako wateja wanaonikuta nimejikunja chini ya dashibodi halafu wananiuliza fundi ameenda wapi. Mzee mmoja aliyetoka Turbo, mji wa jirani, hakuniuliza hivyo. Aliegesha gari lake kuukuu la Kijerumani, akazima injini, akaniuliza kama naweza kufufua hita ya kiti.

Karibu nicheke. Wengi wenye magari ya aina ile hawajui hata kama viti vyake vina hita, na wanaojua hawajali ikifa. Lakini mzee, mwalimu mstaafu, alieleza taratibu. Mke wake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo. Mara mbili kwa wiki alimleta mjini kwa mazoezi ya viungo, na baridi ya asubuhi ilimkaza hata wakifika hawezi kujinyoosha. Joto la kiti lilikuwa likimsaidia sana, mpaka swichi ya upande wake ilipokufa. Alisema pia kwamba tangu ule upasuaji, kutoka kiunoni kwenda chini mama hasikii vizuri. Wakati huo nilikuwa nimeshachomeka bisibisi pembeni mwa swichi. Nilijibu pole, kama mtu anavyojibu akiwa na shughuli nyingine.

Swichi ilikuwa imeungua ndani, plastiki imeyeyuka na kushikamana na shaba. Nilimwambia anipe wiki moja. Zikawa tano. Nilizunguka maduka yote ya spea ninayoyajua, nikaenda kwa wavunja magari wa Langas, nikatuma picha Nairobi. Niliyotumiwa kutoka huko haikuingia kwenye tundu. Nyingine ilikuja ikiwa imekufa kama ya kwanza. Kazi zingine zilinisubiri, mimi nikawa nachungulia madirisha ya magari ya watu yaliyoegeshwa mjini, mpaka askari mmoja wa benki akaniuliza natafuta nini. Hata kanisani sikutulia. Mahubiri yakiendelea, nilikuwa nachora njia za waya nyuma ya bahasha ya sadaka, mume wangu akanigusa na kiwiko.

Mwishowe nilielekezwa kwa mfugaji mmoja Kiplombe. Uani kwake kulikuwa na bodi ya gari la ukoo ule ule, ila la miaka ya mbele kidogo, na ndani yake alifuga kuku. Alinifungulia mlango, nikafukuza tetea aliyekuwa akiatamia, nikaing'oa swichi. Ilikuwa na miguu sita badala ya mitano, na rangi za waya hazikulingana na za mzee. Ilinibidi kuufuata kila waya kwa mita ya kupimia umeme, mmoja baada ya mwingine, na kuongeza relei ili swichi isibebe mzigo wote wa umeme.

Siku ya kufunga, mzee alikuja na mama wakitoka kwenye mazoezi. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa gereji, amejifunika shuka, akiniangalia. Nilibonyeza swichi. Taa yake ikawaka. Kiti kikabaki baridi.

Nilipima tena, nikagundua kwamba hata ile themostati ndani ya kiti, inayokata umeme joto likizidi, ilikuwa imekufa. Kuitafuta ilikuwa ni kuanza safari upya, na mimi nilikuwa nimechoka na ile kazi. Nilitaka iondoke mbele yangu. Basi nikaunganisha waya mbili chini ya kiti bila themostati, kile mafundi tunachoita kupiga direkti. Dakika chache baadaye mama aliketi, akaweka mto wake mgongoni, akasema amepata joto. Nilimwambia mzee wakisikia limezidi wazime. Wakaondoka.

Nilienda kula. Chapati ilikuwa mbele yangu, lakini sikuweza kukaa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, sijui kinachonisumbua. Nilikuwa nanawa mikono ndipo maneno ya mzee yaliponirudia: kutoka kiunoni kwenda chini mama hasikii vizuri.

Nilipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Mzee hapokei simu akiendesha. Nikapanda pikipiki mpaka Turbo, nikimhimiza dereva apite malori, naye akiniambia tutafika, mama, tutafika. Njia nzima nilipiga ile simu.

Niliwakuta wameshafika. Mama alikuwa kitandani akipumzika. Alifurahi kuniona, akasema kiti ni kizuri, walikiacha kikiwaka mpaka nyumbani. Nilimwomba mzee atuache kidogo, nikamgeuza mama ubavu. Nyuma ya paja ngozi ilikuwa nyekundu, na katikati pametoka malengelenge mapana kama kiganja changu.

"Mama, hapa panauma?"

"Wapi?" akaniuliza.

Nilimwita mzee, nikawaeleza yote: kifaa kilichokufa, waya nilizounganisha, na kwamba mzee aliniambia hali ya mama tangu siku ya kwanza. Mzee alitoka nje.

"Kwa hivyo ulijua," mama akasema.

"Nilijua kifaa hakifanyi kazi. Sikukufikiria wewe."

Nilienda uani kwenye gari, nikakata zile waya kabla ya kitu kingine chochote. Kisha tukampeleka mama zahanati ya pale centa, kwenye maduka, nikakaa naye mpaka kidonda kikafungwa. Muuguzi alisema joto lingeendelea kidogo tu, lingefika kwenye nyama.

Kidonda kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona. Nilikwenda kila Jumamosi, wakati mwingine mzee akiniacha nisimame mlangoni hadi mama asikie sauti yangu. Themostati niliipata kule kule Kiplombe, katika viti ambavyo mfugaji alikuwa amevitoa na kuviweka barazani. Sikuviulizia siku ile kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye swichi tu. Nilipoifunga, niliketi mwenyewe kwenye kiti cha mama mchana mzima, kipimajoto chini ya paja, nikihesabu kila umeme unapokatika na kila unaporudi.

Mzee hakutaka kukiona kile kiti kikiwaka. Ni mama aliyeamua. Alisema mgongo ni wake, na asubuhi za baridi anazijua yeye. Sasa kila wakifika nusu ya njia, mama hupitisha mkono chini ya paja kukagua joto, na mzee husimamisha gari ili afanye hivyo bila haraka.

Gari lenyewe siku hizi hutengenezwa na fundi mwingine, na simlaumu mzee. Mimi nimebaki na tabia mpya inayowachosha wateja. Mtu akileta kazi ya hita namuuliza nani atakalia kile kiti, ana miaka mingapi, anaumwa nini. Juzi kijana mmoja alinijibu kwa ukali kwamba amekuja kwa fundi, hajaja kwa daktari. Niliweka bisibisi chini, nikamuuliza tena.