Mwezi Nilioukwaruza kwa Majivu

Kioo cha darubini nilikisugua kwa majivu. Naandika upesi kabla haya haijanirudisha nyuma: majivu ya jikoni, nimeyachekecha kwa kitambaa, kama tulivyosafisha vioo vya taa zetu kila jioni. Nilikuwa nimesoma sekondari ng'ambo ya ziwa, na barua ya biro, ya ofisini, naiandika bila kosa. Lakini kwamba kioo cha taa na kioo cha darubini si ndugu, hilo sikufundishwa, wala sikuuliza.

Darubini nilipewa na fundi mmoja Mzungu wa mashine za meli alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa miaka ya hamsini, Kalemie yetu ikiitwa Albertville, nami karani bandarini. Wenzangu wakitoka kazini walikwenda kwenye mpira. Mimi nilirudi nyumbani kuvua viatu. Mke wangu alipoiona ile miguu mitatu uani akasema, "Ee, Papa! Sokoni kwenyewe haufiki, leo unataka kufika mwezini?"

Nilitaka kuupiga picha. Si ile picha ya duara jeupe kama chapati. Nilitaka mashimo yake, vilima vyake, na vivuli vinavyorefuka pale mwanga unapokutana na giza, mwezi ukiwa nusu. Bahati ya mvivu: kwetu, jua linapozama, nusu mwezi husimama karibu na utosi. Darubini inatazama juu, na mpiga picha analala chali mkekani. Nilifunga kamera nyuma yake kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikabana pumzi, nikabonyeza. Picha nyingi zilitoka kama uji, maana mwezi haungoji mtu. Moja ilitoka safi kabisa. Mashimo unayahesabu! Na katikati yake mstari mwembamba, umepinda.

"Huu ni mto uliokauka," niliwatangazia majirani, kana kwamba nimeshawahi kuuvuka.

Jirani yetu, mjane mzee tuliyetenganishwa naye na ua wa matete, aliisogeza picha karibu na jicho, akanirudishia. "Muto bila ndagala? Ni wa kazi gani?" Kwake maji yote ni dagaa.

Tulikuwa katikati ya Ramadhani. Miaka mitatu mfululizo homa ilikuwa imemkatisha huyu Mama mfungo wake; safari hii alikuwa ameapa kuufikisha mwezi mzima. Kila jioni aligonga ua. "Leo ngapi, mwanangu?"

"Kumi na saba, Mama."

"Niko!"

Jioni ya ishirini na tisa watu walilipa ziwa mgongo, wakatazama vilima ambako jua lilikuwa limezama sasa hivi. Moshi wa majani yaliyochomwa ulitanda kule juu. Hakuna aliyeona kitu. Mimi nilikuwa na darubini yangu, kwa kuwa nilitaka picha ya mwezi mchanga niiweke kando ya ile ya nusu. Nikatazama. Ukope wa mwanga, mwembamba, umepinda. Nilibonyeza kamera kwanza, ndipo nikapiga kelele.

Wengine walipoinama, mwanga ulikuwa umekwisha. Wakanigeukia. Nikaapa nimeuona. Mzee mmoja wa msikiti akasema, "Huyu hatoki nyumbani, uongo atauokota wapi?" Watu wakacheka, na takbiri zikaanza.

Mama alisimama penye ua. "Njo yeye kweli?"

"Njo yeye, Mama, ndiye."

Asubuhi alikaa mlangoni kwake na kitenge kipya, akanywa chai mbele ya mtaa wote.

Siku ya tatu niliiosha filamu. Ukope wangu ulikuwemo, lakini nilihisi nimeshauona mahali. Nikachukua filamu ya nusu mwezi, nikaiweka juu ya hii, nikaziinua kwenye dirisha. Mto mkavu na mwezi mchanga vilikaa sawasawa, mpindo kwa mpindo, hadi kile kimkia cha mwisho. Nikapitisha ukucha juu ya kioo cha darubini, kile cha upande wa jicho. Ukakwama. Mkwaruzo. Mwanga wa machweo ulikuwa umeuwasha tu, na mimi nikauapia.

Nilizificha zile filamu. Sikuwa na shida ya kujificha, kazi hiyo naijua toka utoto. Boti la Kigoma lilipofika, abiria walisema kwao walifunga thelathini. Wanaume wakajibu, "Kila mji na mwezi wake," nami nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Lakini kupitia matete nilimsikia Mama akiwaambia wageni wake, "Mwezi muzima! Hata siku moja haikuanguka." Alikuwa na siku ya kulipa na hajui. Akiugua tena kabla ya kuilipa, nani wa kulaumiwa? Si moshi.

"Unaumwa?" mke wangu aliuliza.

"Hapana."

"Basi sababu gani unaogopa hata matete?"

Siku ya nane nilivaa viatu. Nilimkuta Mama anachambua ndagala kwenye ungo. Nikamweleza majivu, nikamweleza mkwaruzo, nikampa zile filamu mbili. Aliziinua kwenye jua, moja juu ya nyingine, mpaka mistari miwili ikawa mmoja. Nikasema siku ile nitaifunga pamoja naye, kesho akitaka, na futari nitapika mwenyewe. Hakucheka, ingawa upishi wangu mtaa mzima ulikuwa ukiucheka.

Alizirudisha filamu, akavuta ungo.

"Jioni ile na mimi nilitazama kule kule, sikuona kitu. Asubuhi nikakunywa chai sababu wewe njo muntu wa masomo."