Magunia Mawili Kabla ya Mvua

Ilianza Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, mama aliponiuliza kule shuleni wanatufundishaje kupanga malengo. Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Mtwara, juu ya lori la korosho. Shule ilikuwa imefungwa mapema kwa sababu pampu ya maji imekufa, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Nilidhani mama ananitania. Alikuwa anachochea moto chini ya karai la shangazi, hakunitazama.

Karai lile ndilo lililomchosha, si moto. Mama anapika chumvi. Anakwangua udongo wa uwandani, nyuma ya mikoko, anautia kwenye tenga lililotandikwa majani, anaumwagia maji, yanadondoka chunguni yakiwa makali kama machozi, kisha anayachemsha mpaka yakauke. Watu wa Kitaya, wakulima wa mpunga, wanateremka na mchele kuja kubadilishana. Lakini karai ni la shangazi, dada yake baba, na mwenye karai huchukua nusu. Shangazi huja na pishi yake mwenyewe ya kupimia, huijaza, huigongagonga chini chumvi ishuke, huongeza tena.

"Wifi, mwezi huu naona nyepesi," husema. "Au mnailamba?"

Mama hucheka. Mimi hujifanya natafuta kuni.

Basi nilimweleza mama kama mwalimu wetu wa shamba la shule alivyotueleza: lengo lazima liwe na kiasi, liwe na mwisho, na liwe la nguvu ulizo nazo, siyo za jirani. Kusema tu unataka hali iwe nzuri siyo lengo, ni dua.

"Dua nimeshaomba sana," mama akasema. Ndipo akaniambia anachotaka. Anataka karai lake. Fundi wa mabati wa Mikindani angemkatia moja kutoka kwenye pipa, na alikubali kulipwa kwa chumvi, maana mkewe anakausha samaki. Fundi alitaka magunia mawili. Na yapatikane kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikishaanza uwanda hautoi kitu.

Niligawanya magunia yale kwa wiki, sawa kwa sawa, nikamsomea. Akacheka hadi akakaa chini. Akaniambia chumvi haijui wiki. Bahari ikija bamvua inafunika uwanda wote, ikirudi jua linaupika udongo, na ukoko mweupe unatokea siku ambazo maji hayafiki. Unakwangua hapo, kabla ya bamvua jingine. Kwa hiyo tukapanga upya, kwa bamvua. Yalibaki manne kabla ya mvua. Kila baada ya bamvua gunia moja, nusu ya shangazi, nusu yetu. Nilipoona hesabu inaingia bila kubakisha nilisikia furaha ya kijinga, kama nimepata jibu mtihanini.

Mama alikuwa anakwenda darasa la watu wazima jioni, na alikuwa amefika kwenye kuandika sentensi. Alichukua kipande cha chaki akaandika kwenye mlango wa jiko, upande wa nje: magunia mawili kabla ya mvua. Herufi zilipanda kama zinakwea ngazi. Nilitaka kumwambia aandike kwa ndani. Lakini alirudi nyuma hatua kadhaa, mikono kiunoni, akausoma mlango wake kwa sauti, akausoma tena, na mimi nikamwacha.

Tulifanya kazi. Sijawahi kufanya kazi na mama vile. Mikono yangu ilipasuka, chumvi ikaingia kwenye nyufa, na sikujali sana. Nilikuwa nikiamka najua leo tunafanya nini na kwa nini, na hata shuleni sijawahi kujua hivyo. Baada ya bamvua la tatu tulikuwa na gunia moja limejaa na jingine limefika nusu, yamesimama pembeni ya kitanda chake. Fundi alituma habari kwamba ameshaanza kukata pipa.

Ijumaa, baada ya sala, mwenyekiti wa kijiji alipita akasimama mlangoni pa jiko. Ni mtu wa bara, wa mikorosho na mihogo, aliyeletwa huku na wenzake vijiji vilipounganishwa. Nilimwamkia, akaitika macho yakiwa mlangoni.

"Nani kaandika?"

"Mimi, Mwenyekiti," mama akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari ambayo sikuwahi kuisikia.

Akamtaka amwonyeshe magunia na amweleze ni ya nini. Akayapapasa kama ng'ombe wa kununua. Siwezi kusema ni mtu mbaya. Alifurahi kweli. Wilayani walikuwa wanamdai kila siku lengo la kijiji, na yeye hakuwa nalo.

Alasiri kilipigwa kipande cha reli cha kuitia mkutano, tukakusanyika mbele ya ghala. Mwenyekiti akasema kijiji kimepata lengo lake, tena limetoka kwa mama wa kawaida, aliyejifunza kusoma ukubwani. Watu wakapiga makofi. Chumvi sasa ni mradi wa kijiji, magunia ishirini kabla ya mvua. Yale ya mama ni mchango wa kwanza. Karai la shangazi nalo, na lile linalokatwa Mikindani. Mama awe kiongozi wa kikundi. Shangazi, ambaye hajawahi kukosa neno, alitazama vidole vyake vya miguu.

Sijui nilisimamaje. Mimi hata darasani hunyoosha mkono nikijua sitaonekana. Nikasema, "Karai lile ni la mama."

Mwenyekiti akatabasamu. "Na mama ni wa nani, mwanangu? Siyo wa kijiji?"

Walicheka, wala si kwa ubaya. Nikakaa. Masikio yaliwaka moto.

Akatangaza kazi inaanza kesho alfajiri, kila kaya mtu mmoja, na majina yataitwa. Hapo mama akafungua mdomo. "Kesho bamvua, Mwenyekiti. Uwanda utakuwa na maji."

"Tukianza na visingizio hatufiki," akasema, na mkutano ukaisha.

Vijana wawili walikuja kuchukua magunia kabla ya magharibi. Mama aliwashikia mlango. Nilichukua kitambaa nifute yale maandishi, akanizuia. Alisema mwenyekiti ameomba yabaki, watakuja wageni wa wilaya kuyaona. Tulikula ugali na kisamvu. Aliomba chumvi, nikatafuta, hatukuwa tumejibakishia hata ya mboga.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mimi kwa niaba ya kaya yetu, maana mama ndiye aliyekuwa anaita majina. Uwandani maji yalifika magotini. Wanawake walisimama ndani yake wamejipanga mstari, majembe begani, wakimtazama mama, na mama akimtazama mwenyekiti. Jina letu lilipoitwa nikaitika. Kisha nikainama, nikajaza tenga tope, nikajitwika.